Hyman Rickover: admirali aliyejenga vinu vidogo vya nyuklia kabla dunia haijaanza kuvitafuta

Vinu vidogo vya nyuklia vinatajwa leo karibu katika kila mkutano mkubwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwezi Desemba 2023, kwenye mkutano wa COP28 mjini Dubai, nchi zaidi ya 20 ziliahidi kufanya juhudi ili uwezo wa umeme wa nyuklia duniani uongezeke mara tatu ifikapo mwaka 2050. Vinu vidogo vimo katika mpango huo. Miezi mitatu kabla ya hapo, jirani yetu Rwanda alikuwa ametia saini mkataba na kampuni ya Dual Fluid ili kinu kidogo cha majaribio kijengwe katika ardhi yake.

Wengi wanaamini kwamba teknolojia hii ni mpya. Ukweli ni kwamba kinu kidogo cha kwanza kilichofanya kazi ya kweli kiliwaka mwaka 1953, katika jangwa la Idaho nchini Marekani, chini ya usimamizi wa afisa mmoja wa jeshi la majini ambaye wakubwa wake walikuwa wanataka kumwondoa jeshini. Jina lake ni Hyman George Rickover. Alifariki tarehe 8 Julai 1986, akiwa na umri wa miaka 86. Maisha yake yanaeleza kwa nini vinu hivi vinawezekana, na pia kwa nini ahadi nyingi zinazotolewa juu yake hazitimizwi.

Mtoto wa fundi cherehani

Rickover alizaliwa mwezi Januari 1900 katika mji mdogo wa Maków Mazowiecki, Poland, eneo ambalo wakati huo lilitawaliwa na Urusi. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na baba yake alikuwa fundi cherehani. Wayahudi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa katika sehemu nyingi za himaya ya Urusi, na familia hiyo ikakimbilia Marekani. Walifikia New York, kisha wakahamia Chicago.

Huko maisha hayakuwa rahisi. Kijana Rickover alisoma sekondari huku akifanya kazi ya kupeleka telegramu nyumba kwa nyumba ili kuisaidia familia. Hakukuwa na pesa za chuo kikuu. Mbunge mmoja wa Chicago alimpatia nafasi katika chuo cha jeshi la majini cha Annapolis, ambako masomo yalikuwa ya bure. Aliingia mwaka 1918 na kumaliza mwaka 1922. Hakuwa kijana wa sherehe wala wa michezo. Wenzake walimfahamu kama mtu wa vitabu anayekaa peke yake.

Baadaye alisomea uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha Columbia, kisha akatumika katika nyambizi, yaani meli za kivita zinazosafiri chini ya maji. Hapo ndipo alipoujua udhaifu wake. Nyambizi za wakati ule zilitumia injini za dizeli zilipokuwa juu ya maji na betri zilipokuwa chini. Betri zilikwisha haraka, na injini ya dizeli haiwaki bila hewa. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa ili kujificha baharini kililazimika kupanda juu kila mara kama samaki anayetafuta pumzi.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, Rickover aliongoza idara ya umeme katika ofisi ya jeshi la majini inayoshughulikia meli. Alijipatia sifa ya mtu anayemaliza kazi, na sifa nyingine ya mtu asiyejua kusema na wakubwa kwa upole.

Oak Ridge na urani ya Kongo

Mwaka 1946 jeshi lilimtuma Oak Ridge, jimbo la Tennessee, pamoja na maafisa wengine wachache, wakajifunze sayansi ya atomu. Oak Ridge ndipo iliporutubishwa urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwezi Agosti 1945. Msomaji wa Kongo anapaswa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya urani hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Kwa miaka kadhaa baada ya vita, Marekani iliendelea kutegemea madini hayo ya Katanga.

Rickover alirudi kutoka Oak Ridge akiwa na wazo moja tu: joto la atomu linaweza kuendesha nyambizi. Atomu ya urani inapopasuka hutoa joto kubwa bila kuhitaji hewa. Joto hilo linapasha maji, maji yanatoa mvuke, mvuke unazungusha mtambo. Hakuna moshi wala tangi la dizeli, na hakuna sababu ya kupanda juu kutafuta pumzi.

Mwaka 1949 alipewa nafasi mbili kwa wakati mmoja, moja katika jeshi la majini na nyingine katika tume ya serikali ya nishati ya atomu. Alizitumia kwa ujanja. Upande mmoja ulipochelewa kujibu, aliandika barua kupitia upande mwingine, na mara nyingi alijikuta akijijibu mwenyewe.

Ilibidi kuchagua aina ya kinu. Timu yake ilichagua kinu kinachotumia maji ya kawaida yaliyo chini ya mgandamizo mkubwa ili yasichemke hata yakiwa na joto kali sana. Lakini vifaa vya kukijenga havikuwepo. Chuma cha zirkoni, kinachofunika fimbo za urani bila kuozeshwa na maji ya moto, kilipatikana kwa kiasi kidogo tu na kwa bei ya juu. Rickover alisukuma hadi viwanda vya kukizalisha kwa tani vikaanzishwa. Pampu, vali na viunganishi vya mabomba vilibidi kubuniwa upya, kimoja baada ya kingine.

Mwezi Machi 1953, kinu cha mfano kiliwaka Idaho, kikiwa ndani ya kipande cha mwili wa nyambizi kilichojengwa nchi kavu, mbali sana na bahari. Mwezi Juni wahandisi walikijaribu kwa saa 24, wakaridhika na kutaka kukizima. Rickover alikataa. Aliagiza kiendelee hadi kimalize nguvu ya kutosha kuvuka bahari ya Atlantiki, huku mwendo ukichorwa kwenye ramani ukutani. Kinu kiliendelea kwa karibu siku nne bila kusimama.

Wakati huohuo jeshi lilikuwa linamfukuza kwa njia ya utaratibu. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa imemruka mara mbili, na kwa sheria za jeshi, kapteni aliyerukwa namna hiyo anastaafishwa. Maseneta waliingilia kati, na mwaka 1953 akapata cheo cha admirali. Tarehe 17 Januari 1955, nyambizi Nautilus iliondoka bandarini ikitumia nguvu ya nyuklia kwa mara ya kwanza katika historia. Tarehe 3 Agosti 1958 ilipita chini ya barafu ya ncha ya kaskazini ya dunia.

Nyambizi ya pili, Seawolf, ilijengwa na kinu cha aina nyingine kilichopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Kwenye makaratasi kilionekana bora. Baharini kilisumbuliwa na uvujaji, na baada ya miaka michache kiling'olewa na kuwekwa kinu cha maji.

Kinu cha karatasi na kinu cha kweli

Mwezi Juni 1953, katikati ya kazi hiyo, Rickover aliandika waraka mfupi ambao wataalamu wa nyuklia wanausoma hadi leo. Alikuwa amechoshwa na watu waliokuja kila wiki na michoro ya vinu vya ajabu na kumuuliza kwa nini chake ni kizito na cha ghali.

Katika waraka huo alitofautisha vinu vya aina mbili. Kinu cha msomi, ambacho kiko kwenye karatasi, daima ni rahisi, kidogo, chepesi, cha bei nafuu, na kitajengwa haraka, kwa vifaa vilivyopo tayari. Kinu cha kweli kiko kiwandani, kimechelewa, kimepita bajeti, ni kizito na kina mambo mengi, na kinakwama kwa vitu vinavyoonekana vidogo kama kutu na uvujaji. Anayechora akikosea, anafuta mstari. Anayejenga akikosea, kosa lake linabaki na kila mtu analiona. Rickover alikubali kwamba wasomi wengi husema kwa nia njema. Tatizo aliloliona ni kwamba viongozi wanaotoa pesa hawawezi kuzitofautisha sauti hizo mbili.

Umeme kwa raia

Serikali ya rais Eisenhower ilipotaka kuonyesha kwamba atomu inaweza kuwasha taa, kazi ilipelekwa kwa Rickover. Ujenzi ulianza mwaka 1954 huko Shippingport, kando ya mto Ohio katika jimbo la Pennsylvania. Mwezi Desemba 1957 kituo kilifikia nguvu yake kamili ya megawati 60.

Shirika la kimataifa la nishati ya atomu, AIEA, huita kinu kidogo kile kinachotoa hadi megawati 300 za umeme. Kwa kipimo hicho, kituo cha kwanza kikubwa cha nyuklia cha Marekani kilichojengwa kwa ajili ya umeme wa raia tu kilikuwa kinu kidogo. Baadaye makampuni yalivikuza vinu hadi megawati 1,000 na zaidi, kwa sababu kituo kimoja kikubwa hugawa gharama za ulinzi, uzio na wafanyakazi juu ya umeme mwingi zaidi. Zaidi ya nusu ya vinu vya umeme duniani leo ni watoto wa kinu cha maji cha Rickover.

Mwaka huo wa 1957, mwezi Mei, Rickover alizungumza mbele ya madaktari katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Aliwaambia kwamba mafuta, gesi na makaa ya mawe ni akiba iliyojikusanya kwa mamilioni ya miaka, na kwamba vizazi vichache vinaimaliza. Aliiona kuwa ni wajibu wa wazazi kufikiria watoto wa watoto wao watatumia nini. Hoja yake ilikuwa kuisha kwa nishati hizo. Joto la dunia halikuwa bado linajadiliwa na watu wa kawaida. Lakini swali aliloliuliza ndilo linaloulizwa leo: kizazi kinachokula kinamwachia nini kinachofuata?

Leo hesabu ya moshi inajulikana. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, GIEC, lilikadiria mwaka 2014 kwamba umeme wa nyuklia, ukihesabu mgodi, ujenzi na uendeshaji, hutoa kiasi cha gramu 12 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa. Makaa ya mawe hutoa gramu 820 na gesi 490. Ndiyo maana nchi zinazotegemea makaa ya mawe zinatafuta vinu vidogo: vinaweza kuwekwa mahali pa kituo cha zamani cha makaa, kutumia nyaya zilezile, na kutoa umeme usiku na mchana, hata pasipo jua wala upepo.

Kiti chenye miguu mifupi

Siri ya Rickover haikuwa mashine peke yake. Kwa zaidi ya miaka 30 alimhoji yeye mwenyewe kila afisa aliyeomba kutumika kwenye meli za nyuklia. Wengine waliketishwa kwenye kiti ambacho miguu ya mbele ilikatwa kidogo ili mtu ateleze huku akijibu maswali. Wengine walifungiwa chumbani wafikirie majibu yao. Wengi walitoka wakimchukia.

Mmoja wa waliohojiwa alikuwa luteni kijana kutoka Georgia, Jimmy Carter. Rickover alimuuliza kama katika masomo yake alifanya kila alichoweza. Carter alifikiri, akakiri kwamba si mara zote. Admirali akamuuliza kwa nini hakufanya, kisha akageuza kiti chake na kumaliza mazungumzo. Carter alipata kazi hiyo, na baadaye akawa rais wa Marekani. Aliendelea kusema kwamba, baada ya baba yake, ni watu wachache waliomwathiri kama Rickover.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Rickover aliamini kwamba ajali ya nyuklia huanza kwa uzembe mdogo: vali ambayo haikukaguliwa, ripoti iliyosainiwa bila kusomwa, mkubwa anayesema kila kitu ni sawa kwa sababu hataki usumbufu. Alitaka wakaguzi wake wamwandikie moja kwa moja, bila kupitia kwa wakubwa wao. Katika historia yake yote, mpango huo wa jeshi la majini haujapata ajali ya kinu.

Hata hivyo bahari haikumhurumia. Tarehe 10 Aprili 1963, nyambizi Thresher ilizama katika Atlantiki na watu 129. Uchunguzi ulielekeza kwenye bomba la maji ya bahari lililopasuka, na kinu kikajizima wakati nguvu yake ilipohitajika zaidi. Baada ya hapo taratibu za kuwasha upya kinu zilibadilishwa, na ukaguzi wa mabomba ukawa mkali zaidi.

Mwisho wenye utata

Mwezi Januari 1982, serikali ya rais Reagan ilimstaafisha, akiwa amevaa sare kwa zaidi ya miaka 60. Siku chache kabla ya kuondoka alihojiwa na kamati ya Kongresi, na maneno yake yaliwashangaza wengi. Alieleza kwamba uhai duniani uliwezekana baada ya mionzi kupungua, na kwamba binadamu anapotengeneza mionzi mipya anarudisha kile ambacho maumbile yalichukua muda mrefu kukiondoa. Alisema hajivunii meli za kivita alizojenga, na kwamba kama ingewezekana angezizamisha zote. Aliziona kama uovu ambao ulihitajika.

Miaka mitatu baadaye jina lake lilichafuka. Ilibainika kwamba kwa miaka mingi alipokea kutoka kampuni ya General Dynamics, mjenzi wa nyambizi, zawadi zenye thamani ya zaidi ya dola 60,000, zikiwemo vito. Alijitetea kwamba hazikubadilisha uamuzi wake wowote, na kwa kweli alikuwa ameishambulia kampuni hiyo hadharani kwa kupandisha bei. Jeshi lilimpa karipio la maandishi hata hivyo. Mtu aliyewadai wengine wawe safi kabisa hakuwa safi kabisa. Mwaka uliofuata alifariki Arlington, Virginia, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya huko.

Idaho tena

Historia ilirudi Idaho miaka 70 baada ya kinu cha kwanza cha Rickover. Kampuni ya NuScale na miji kadhaa ya magharibi mwa Marekani zilipanga kujenga katika eneo hilohilo la utafiti vinu sita vidogo, jumla ya megawati 462. Makadirio ya gharama yalipanda kutoka kama dola bilioni 5.3 hadi bilioni 9.3. Mwezi Novemba 2023 mradi ulifutwa. Kinu cha karatasi kilikuwa kimeanza kuwa kinu cha kweli, na wanunuzi wakaogopa.

Vipo vilivyofika. Urusi ina Akademik Lomonosov, meli yenye vinu viwili vya megawati 35 kila kimoja, inayotoa umeme katika mji wa Pevek tangu mwaka 2020. Ni jamaa wa vinu vya meli za kuvunja barafu. China ilianza kuuza umeme wa vinu vyake vidogo vya Shidaowan mwezi Desemba 2023. Nyuma ya miradi yote miwili kuna serikali iliyolipa kwa miaka mingi. Hata Rickover hakuwahi kushindana kwa bei: jeshi lilihitaji nyambizi, Kongresi ikalipa. Anayesema kwamba vinu vya nyambizi vimethibitisha kuwa umeme wa vinu vidogo ni rahisi anaruka jambo hilo.

Kwa upande wa tabianchi, muda ndio unaobana. Kinu kitakachowaka mwaka 2040 hakipunguzi moshi wa leo.

Kongo inahusika kwa zaidi ya urani ya Shinkolobwe. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika, TRICO, kiliwaka mwaka 1959 katika chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Kilikuwa cha utafiti, kidogo sana kuliko kile cha Shippingport. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za fueli zilitoweka hapo, na moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Kinu kilichofuata, TRICO II, kimesimama tangu mwaka 2004. Wanasayansi wa Kongo walikuwepo na walifanya kazi yao. Pesa za matengenezo na ulinzi wa kila siku ndizo zilizokosekana.

Umeme wetu karibu wote unatoka kwenye maji, na huku mashariki moshi na ukataji wa misitu vinatokana zaidi na makala ya kupikia kuliko mitambo ya umeme. Kwa hiyo anayekuja Goma, Bukavu au Kinshasa na picha nzuri ya kinu kidogo anapaswa kujibu maswali ambayo Rickover angemuuliza. Kinu hicho kimewaka wapi? Kimechelewa kwa muda gani? Nani atakikagua, na ripoti yake atampa nani? Taka zake zitakaa wapi?

Swali la mwisho bado lina uzito hata Shippingport. Kituo kilizimwa mwaka 1982 na kubomolewa hadi eneo likawa wazi mwaka 1989. Lakini tangi kuu la chuma la kinu lilipakiwa kwenye chombo cha majini, likapitishwa mfereji wa Panama na kufukiwa Hanford, upande wa pili wa Marekani. Liko huko hadi leo, na bado linalindwa.